Mfumo Endeshi Unaposasishwa: Matarajio ya Mtumiaji na Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kitenzi sasisha ni miongoni mwa vitenzi ambavyo Kiswahili kimevipata kutokana na matumizi ya kompyuta. Umbo lake ni jepesi kuchanganua: kielezi sasa kimepachikwa kiambishi cha usababishi -ish- na kiishio -a, na kitenzi kizima kina maana ya kukifanya kitu kiwe cha sasa. Kutokana nacho yamezaliwa majina usasishaji na sasisho, ambayo huonekana kwenye kioo cha kompyuta kila mara mtengenezaji wa mfumo endeshi anapotuma toleo jipya, au marekebisho ya toleo lililopo. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayosimamia kumbukumbu, diski, printa na kibodi, na programu nyingine zote hufanya kazi juu yake.

Hata hivyo, neno hili linasema upande mmoja tu wa jambo. Linaeleza anachofanya mtengenezaji. Halielezi anachotarajia mtumiaji. Karani anayewasha kompyuta ya mezani asubuhi ili amalizie orodha ya mishahara hana haja na "sasa" mpya. Anataka aikute kazi yake pale alipoiacha jana, printa iliyochapa jana ichape na leo, na ile hitilafu iliyomsumbua wiki nzima iwe imeondoka. Umbali uliopo kati ya anachotumiwa na anachokihitaji ndio unaochunguzwa katika mhadhara huu.

Hoja kuu ni kwamba mtumiaji wa kompyuta ya mezani hutarajia, kabla ya jambo jingine lolote, mwendelezo: aliyokwisha kuyajua yabaki, na yaliyoharibika yatengenezwe. Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Kwa mtumiaji wa Kiswahili mwendelezo huo unahusu pia lugha inayosomeka kwenye kioo, na kuulinda ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo kazi ya wahandisi. Mfano unaotumiwa zaidi ni Windows ya kampuni ya Microsoft, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi kwenye kompyuta za mezani duniani. Mifumo ya Apple na ile ya Linux imetajwa pale ulinganishi unapohitajika.

2.0 Usababishi na Utendea

Mazungumzo ya kila siku huchanganya mambo matatu ambayo Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenganisha. Kurekebisha ni kuondoa kasoro ili kitu kirudie hali iliyo sawa. Marekebisho madogo ya aina hii wataalamu huyaita viraka, nalo ni jina linalofaa, kwa kuwa kiraka huziba tundu bila kubadili mshono wa vazi. Kusasisha ni kukioanisha kitu na wakati. Kuboresha, kutokana na bora, ni kukipandisha kitu kwa kipimo cha ubora. Sasisho moja linaweza kubeba yote matatu kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu unapoanzia: mtumiaji aliyekubali kurekebishiwa hujikuta amesasishiwa na kuboreshewa pia, bila kuulizwa.

Katika sasisha na boresha, sarufi inawaweka wazi wahusika wawili: mtenda anayesababisha na kitu kinachobadilishwa. Mtumiaji hayumo. Ili aingie, kitenzi lazima kipewe kauli ya kutendea: sasishia, rekebishia, boreshea. Kauli hiyo humleta mtu ambaye tendo linamhusu, na kwa kumleta huzua swali la manufaa yake. Wanafunzi wa sarufi wanajua pia kwamba kauli ya kutendea haielekei upande wa heri peke yake. Mtu hujengewa nyumba, lakini pia huvunjiwa nyumba; huandikiwa barua, lakini pia hufutiwa jina. Kwa hiyo mtu aliyesasishiwa mfumo anaweza kuwa amefanyiwa hisani au amefanyiwa hasara, na kitenzi peke yake hakisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Sehemu zinazofuata zinayapitia matarajio ya mtumiaji kwa mwanga wa swali hilo: amesasishiwa nini, na kwa faida ya nani?

3.0 Tarajio la Kwanza: Ufa Uzibwe

Tarajio lisilo na ubishi ni usalama. Mfumo endeshi umeandikwa kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, na katika wingi huo hazikosekani nyufa ambazo mwenye nia mbaya anaweza kupenyea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na historia ya kompyuta imewaunga mkono.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa uliokuwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia ubadilishanaji wa mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huohuo. Ilifunga mafaili ya watu kwa msimbo wa siri na kudai malipo ili iyafungue. Inakadiriwa kwamba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, zikiwamo za hospitali nchini Uingereza, ambako miadi ya wagonjwa ililazimika kuahirishwa. Waliokwisha kutia kiraka hawakuingiliwa kwa njia hiyo. Madhara yalikuwa makubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka cha dharura hata kwa Windows XP, mfumo ambao huduma yake ya kawaida ilikuwa imekwisha tangu tarehe 8 Aprili 2014.

Tukio hilo linaonyesha kwamba sasisho lililotolewa si sawa na sasisho lililopokewa. Kiraka kilikuwapo, lakini wengi hawakukitia, na si wote walikuwa wazembe. Baadhi ya watu huahirisha usasishaji kwa sababu masasisho yaliyopita yaliwaharibia kazi. Mtumiaji aliyewahi kupoteza siku nzima kwa sababu printa ilikataa kuchapa baada ya usasishaji atasita safari nyingine, na kusita huko ndiko kunakoacha ufa wazi. Kwa hiyo usalama na mwendelezo havipingani. Mtu akiamini kwamba kiraka hakitagusa mambo mengine, atakitia mapema.

4.0 Tarajio la Pili: Mazoea Yaheshimiwe

Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliweka kitufe cha kuanzia kazi katika pembe ya chini kushoto ya kioo. Hakuna chochote katika maumbile ya pembe hiyo kinachoihusisha na kuanza. Ni uhusiano wa nasibu, kama ulivyo ule wa sauti na maana katika neno, unaodumu kwa sababu ya makubaliano na mazoea. Kwa takribani miaka 17 mkono wa mtumiaji ulikwenda pale bila kufikiri, kama vile ulimi wa mzungumzaji unavyoteua kiambishi cha ngeli bila kupitia jedwali la sarufi.

Tarehe 26 Oktoba 2012 ilitoka Windows 8, na kitufe hicho hakikuwamo tena katika mwambaa wa chini. Nafasi ya menyu ilichukuliwa na ukurasa mzima wa vigae vya rangi, uliobuniwa kwa kuzingatia vioo vya kugusa. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, ambaye kioo chake hakiguswi na ambaye hufanya kazi kwa kipanya, mabadiliko hayo yalikuwa sawa na kuamka asubuhi akakuta ngeli ya KI-VI imefutwa. Vitu vyote bado vipo, lakini njia ya kuvitaja imepotea. Malalamiko yalikuwa mengi. Windows 8.1, ya tarehe 17 Oktoba 2013, ilikirudisha kitufe. Windows 10, ya tarehe 29 Julai 2015, ikairudisha na menyu yenyewe.

Lingekuwa kosa kuhitimisha kutokana na kisa hiki kwamba watumiaji huchukia kila kilicho kipya. Windows XP, iliyotoka tarehe 25 Oktoba 2001, nayo ilibadili sura ya menyu hiyohiyo, tena kwa kiasi kikubwa. Tofauti ni kwamba iliacha mlango wa nyuma wazi: aliyetaka menyu ya zamani aliweza kuirudisha kwa kubadili mpangilio mmoja. Wengi waliizoea menyu mpya kwa wakati wao, na wachache waliobaki na ya kale hawakuzuiwa kufanya kazi.

Mwanaisimu atautambua utaratibu huu, kwa kuwa lugha nazo hubadilika hivyohivyo. Umbo jipya haliingii siku ambayo umbo la zamani linaondoka. Mawili hayo huishi pamoja kwa muda, wazungumzaji wakayatumia kwa zamu, kisha moja likashinda au yakagawana kazi. Barua pepe na imeili bado vinaishi pamoja, na hakuna aliyekosa kueleweka kwa sababu hiyo. Sura ya mfumo endeshi, yaani mpangilio wa vitufe, menyu na majina yake, ni mfumo wa ishara wenye jumuiya yake ya watumiaji, na jumuiya hiyo inastahili kupewa kipindi cha mpito ambacho lugha hukitoa yenyewe. Mazoea yana taabu, kama isemwavyo, lakini taabu hiyo ni malipo ya maarifa. Mtu aliyezoea ni mtu aliyejifunza, na anayeyavunja mazoea yake anamnyang'anya sehemu ya elimu yake.

5.0 Tarajio la Tatu: Mashine Iliyopo Itoshe

Tarajio la tatu ni wepesi. Windows XP ilihitaji kumbukumbu isiyopungua megabaiti 64. Windows Vista, iliyouzwa kwa umma kuanzia tarehe 30 Januari 2007, ilihitaji megabaiti 512. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inahitaji gigabaiti 4, yaani mara 64 ya kile kilichohitajiwa miaka 20 kabla. Ni kweli kwamba mfumo wa leo unafanya mengi ambayo ule wa zamani haukuyafanya, hasa katika ulinzi. Lakini barua ya kuomba likizo haijarefuka mara 64, na mtumiaji ana haki ya kuuliza kumbukumbu zote hizo zimekwenda wapi.

Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilijibu swali hilo kwa namna isiyo ya kawaida. Ilipoutambulisha mfumo wake wa Mac OS X Snow Leopard, ilitangaza kwamba toleo hilo halina mambo mapya, bali limelenga kurekebisha na kupunguza uzito. Kampuni ilidai kwamba mfumo huo ungeirudishia diski nafasi ya hadi gigabaiti 7, na kwa waliokuwa na toleo lililotangulia uliuzwa dola 29 za Marekani, ilhali lile la awali lilikuwa limeuzwa dola 129. Toleo hilo limebaki likikumbukwa kwa mapenzi na watumiaji wengi wa kompyuta za Apple. Pamoja na hayo, halikuwa na wepesi kwa wote, kwa kuwa lilikataa kufanya kazi kwenye mashine zenye prosesa za aina ya PowerPC, ambazo Apple yenyewe ilikuwa ikiziuza miaka michache tu kabla.

Suala la nani anaachwa nje ni zito zaidi kwa Windows 11. Mbali na kumbukumbu, mfumo huo unadai chipu ya usalama ya kiwango cha TPM 2.0 na prosesa zilizomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri kwa Windows 10 hazikutimiza masharti hayo. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu binafsi wakapewa nafasi ya kujiandikisha ili waendelee kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Katika Afrika Mashariki, ambako shule, ofisi na maduka mengi hutumia kompyuta za mtumba zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa Ulaya, Marekani au Ghuba, tarehe hiyo haikuwa jambo la kitaalamu tu. Mwalimu mkuu mwenye mashine 20 zilizo nzima alijikuta akichagua kati ya kununua nyingine, kuendelea na mfumo ambao nyufa zake hazitazibwa, au kuhamia mfumo wa namna nyingine.

Njia hiyo ya mwisho ipo. Ubuntu, mmojawapo wa mifumo ya Linux, hutoa kila baada ya miaka 2 toleo la muda mrefu ambalo huhudumiwa bila malipo kwa miaka 5, na yapo matoleo mengine ya Linux yaliyokusudiwa hasa mashine dhaifu. Hata hivyo, kuhama huko kunagharimu mazoea yaliyoelezwa katika sehemu iliyotangulia. Mtumiaji anaokoa fedha kwa kulipa kwa muda wa kujifunza upya.

6.0 Tarajio la Nne: Hiari Ibaki kwa Mwenye Mashine

Sasisho linalokuja kwa wakati usiofaa ni usumbufu hata kama ni jema. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, watumiaji wa toleo la nyumbani hawakupewa njia rahisi ya kuyaahirisha masasisho. Kabla ya hapo, wenye Windows 7 na Windows 8.1 walikuwa wakishawishiwa kuhamia Windows 10 bila malipo, na mwaka 2016 kisanduku cha ushawishi kilibadilishwa kwa namna ambayo aliyekifunga kwa alama ya msalaba, iliyozoeleka kuwa na maana ya kukataa, alihesabiwa kuwa amekubali tarehe iliyopangwa. Kwa mtazamo wa semantiki, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kero ya siku moja: ishara iliyokuwa na maana ya "hapana" kwa zaidi ya miaka 20 iligeuzwa kuwa "ndiyo" bila jumuiya ya watumiaji kujua.

Mwaka 2018 likatokea lile ambalo kauli ya kutendea hulieleza kwa ufupi wa kutisha. Sasisho kubwa la Windows 10 lililoanza kutolewa tarehe 2 Oktoba liliwafutia baadhi ya watumiaji mafaili yao, na siku chache baadaye Microsoft ikasimamisha usambazaji wake hadi mwezi Novemba. Mwaka uliofuata, watumiaji wa toleo la nyumbani waliruhusiwa kusitisha masasisho kwa siku 7 kwa kila awamu, hadi kufikia siku 35.

Kwa mtumiaji anayenunua intaneti kwa vifurushi, hiari ina sura nyingine pia. Sasisho kubwa linaweza kufikia gigabaiti kadhaa, na likipakuliwa kimyakimya linaweza kumaliza kifurushi cha mwezi mzima kabla mwenyewe hajafungua ukurasa mmoja. Windows ina mpangilio wa kuutambulisha muunganisho kuwa unalipiwa kwa kipimo, ili upakuaji mkubwa usubiri. Mpangilio huo ni mzuri, ila umefichwa ndani ya menyu ambazo anayeuhitaji zaidi hana uzoefu wa kuzipekua. Hiari yashinda utumwa, lakini hiari isiyoonekana haimfai mtu.

7.0 Tarajio la Tano: Lugha Isipotee Njiani

Mwaka 2004 ulikuwa wa matumaini kwa Kiswahili cha kompyuta. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri Windows na Office, na miaka iliyofuata vikapatikana vifurushi vya Kiswahili ambavyo mtumiaji aliweza kuvisakinisha juu ya Windows ya Kiingereza. Kwa mara ya kwanza karani aliweza kusoma katika lugha yake kwamba faili limehifadhiwa.

Tatizo la tafsiri ya aina hii ni kwamba imefungamana na toleo lake. Riwaya iliyotafsiriwa hubaki imetafsiriwa. Mfumo endeshi uliotafsiriwa huanza kupoteza tafsiri yake siku ya sasisho la kwanza. Mfano wa utaratibu unaotumiwa na programu nyingi za Linux, uitwao gettext, unaeleza sababu. Kila sentensi ya Kiingereza huwekwa pamoja na sentensi ya Kiswahili inayolingana nayo. Mwandishi wa programu akiibadili sentensi ya Kiingereza, hata kwa kuongeza mkato, tafsiri ya zamani huwekewa alama ya mashaka na haionyeshwi hadi mfasiri aithibitishe. Asipokuwapo mfasiri, mtumiaji huona Kiingereza. Vifurushi vya Windows navyo vilitafsiri sehemu zinazotumika zaidi, na pasipo na tafsiri hujitokeza lugha ya msingi. Hivyo, kadiri matoleo yanavyopita bila kazi ya tafsiri kuendelea, kioo huwa kama ubao wa tangazo uliobanduka: neno la Kiswahili hapa, la Kiingereza pale. Mtumiaji anayetegemea Kiswahili hukutana na Kiingereza mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye onyo jipya ambalo halijawahi kutafsiriwa.

Suala jingine ni uthabiti wa istilahi. Katika maandishi ya Kiswahili kompyuta imeitwa pia tarakilishi na ngamizi. Kipanya kimeitwa puku. Kabrasha limeitwa folda. Neno la siri la kuingilia limeitwa nenosiri na nywila. Kila istilahi ina watetezi wake, na mjadala wa kitaaluma kuzihusu ni halali. Kioo cha kompyuta, hata hivyo, si ukumbi wa mjadala huo. Toleo moja likisema nenosiri na linalofuata likasema nywila, mtumiaji hana njia ya kujua kama anaulizwa kitu kilekile au kitu cha pili. Hapo lugha inarudia kosa lilelile la kitufe kilichoondolewa mwaka 2012.

Sarufi nayo ina madai yake. Mwandishi wa programu wa Kiingereza hutunga ujumbe wenye nafasi tupu, ambamo kompyuta hujaza jina la kitu kilichofutwa, na kitenzi hakibadiliki. Kiswahili hakiruhusu hivyo: picha imefutwa, kiungo kimefutwa, kabrasha limefutwa, ufunguo umefutwa. Faili peke yake huwagawa wazungumzaji, kwa kuwa wapo wasemao faili limefutwa na wapo wasemao faili imefutwa. Mfasiri asiyejua kitakachojazwa katika nafasi tupu hawezi kuteua kiambishi cha upatanisho. Wafasiri wenye uzoefu hulikwepa tatizo hilo kwa kumthibitisha mtenda wa kisarufi: badala ya kuacha kitu kisichojulikana kiwe kiima, huandika Ufutaji umekamilika, kisha nukta mbili, kisha jina la kitu. Kiima ni ufutaji, ngeli yake inajulikana, na sentensi haivunjiki. Hii ni isimu tumizi katika maana yake kamili, na haiwezi kufanywa na mashine isiyosimamiwa wala na mhandisi asiyejua lugha.

Mfano wa saa unafunga hoja. Kompyuta hutangaza muda itakaojiwasha upya ili ikamilishe usasishaji. Ikitangaza saa 3:00 usiku kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, msomaji wa Kiswahili anayesoma tarakimu hizo kuwa saa tatu usiku atasubiri wakati ambao umepungua kwa saa 6. Kufikia saa nne atadhani shughuli imekwisha, ataiacha kompyuta ikipiga hesabu ndefu usiku kucha, na saa tisa itajizima ikiwa katikati ya kazi. Kila neno katika tangazo lile ni la Kiswahili sahihi. Lililokosekana ni ujuzi wa namna Waswahili wanavyohesabu saa.

8.0 Hitimisho

Matarajio matano yaliyojadiliwa yana mzizi mmoja. Mtumiaji anataka ufa uzibwe bila nyumba kuhamishwa, mazoea yake yapewe muda, mashine yake isihukumiwe kufa ikiwa bado nzima, ridhaa yake iombwe kwa ishara anazozielewa, na lugha yake iwe palepale baada ya usasishaji kama ilivyokuwa kabla. Kwa wataalamu wa Kiswahili, tarajio la mwisho linadai mabadiliko ya mtazamo. Uzinduzi wa programu iliyotafsiriwa umezoeleka kutazamwa kama kilele cha kazi. Ukweli ni kwamba huo ndio mwanzo wake. Mradi wa GNOME, unaotengeneza sura ya kompyuta kwa mifumo mingi ya Linux, hutoa toleo jipya kila miezi 6 na huweka kipindi cha kufunga maneno ili wafasiri wapate kumaliza. Lugha isiyo na watu wa kukitumia kipindi hicho mara mbili kila mwaka hubaki nyuma hata kama ina wazungumzaji mamilioni.

Vyombo vyenye dhamana ya lugha vipo: BAKITA tangu mwaka 1967, BAKIZA kwa upande wa Zanzibar, na TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 na kuirithi TUKI, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinachohitajika ni kazi ndogo isiyokatika. Orodha ya istilahi za kompyuta iwe na tarehe na matoleo kama programu zenyewe. Istilahi inapobadilishwa, ile ya zamani iendelee kutajwa kando yake kwa muda. Wanafunzi wa isimu nao wapewe sentensi za mifumo hii kuwa zoezi la kila muhula, upatanisho wa kisarufi na saa zake vikiwamo. Hapo kitenzi sasisha kitapata kauli ya kutendea inayokifaa, na karani atakapowasha kompyuta yake asubuhi atakuwa amesasishiwa, si amesasishwa.